Kitabu Tulichogawana Dunguni

Ninyi wajukuu mtakaosoma haya, someni mkiwa mmekaa. Msisome huku mnatembea. Mimi sikwenda shule. Nilijifunza kusoma nikiwa mke wa mtu tayari, tena kwa kitabu kimoja tu, kilichokatwa vipande. Mkiona mahali nimeandika vibaya nyoosheni wenyewe, lakini maneno yangu msiyabadili. Naandika kwa sababu Somoe, jirani yangu, amekufa, na mtu niliyekuwa nikimwuliza, "Hivi ilikuwaje siku ile?" sasa hayupo, kwa hiyo nikikaa kimya na mimi, basi imekwisha. Tena naandika kwa sababu ya Zubeda. Tuko kwenye matanga ya Somoe, watu wamejaa uani, Zubeda kaja na daftari lake la shule kaniinamia sikioni. Wanasoma hadithi ya vita vya maji darasani, na mwalimu kawaambia kila mtoto akaulize kwao, ukoo wake ulikuwa wapi wakati ule na ulifanya nini. "Bibi, sisi tulikuwa mashujaa?" Nikamwambia anyamaze, hapa ni msibani. Msiba umekwisha, namjibu.

Mwaka ninaousema tulikuwa tumeshatolewa bondeni baada ya mafuriko na kupandishwa juu, kwenye kijiji kipya, upande huu wa Nyamwage. Nyumba zilipangwa mistari kama mihogo ya shamba la serikali. Kule bondeni kila mtu alijenga karibu na ndugu yake. Hapa ulijenga pale ulipoonyeshwa. Mndengereko aliamka asubuhi akamkuta Mmatumbi anafagia uani kwake, na mpaka wajue mpaka wa uwanja uko wapi, wameshagombana. Mimi nilipakana na Somoe. Alikuwa rika langu, naye ameolewa kama mimi, na kila mmoja wetu alikuwa na kikongwe ndani. Kwangu alikuwepo Bibi Mwasiti, bibi yake mume wangu Mtoro, ndiye aliyemlea tangu anyonyeshwe maziwa ya watu. Kwa Somoe alikuwepo bibi yake mzaa mama, Bi Tatu, mwanamke wa vilimani, mwembamba, mwenye maneno. Vikongwe hao wawili walisalimiana kila siku wala hawakuwahi kukaa mkeka mmoja. Sisi tulidhani ni uzee.

Darasa la kisomo lilikuwa kwenye banda la ushirika, palipokuwa panawekwa pamba. Mpaka leo nikisikia harufu ya dawa ya wadudu naona herufi. Wanawake tulikaa chini kwenye mikeka, wanaume kwenye magogo, na mwalimu alisimama mlangoni ili apate mwanga. Jina lake Mwalimu Hamisi, kijana kutoka Mchukwi, hajaoa, na wazee walimwonea kidogo kwa hilo. Kitabu kilikuwa kimoja. Jalada halikuwepo, kwa hiyo jina lake sikulijua na silijui mpaka leo. Ilikuwa hadithi ya kutunga, ya kijiji kimoja wakati wa vita vya Mdachi, watu walipokunywa maji ya dawa wakaambiwa risasi zitageuka maji. Mwalimu alitusomea kidogo, akatusomesha kidogo, halafu akatupa kazi. Kazi zake zilikuwa za ajabu. Siku moja alitugawia vipande vya mkaa akasema kila mtu achore watu wa nyumba yake hapo sakafuni, kama tulivyosikia watu wa kwenye kitabu. Tukaanza kuchora paa na mlango. Akasema hapana, msichore nyumba, choreni masinia. Nani anakula na nani.

Hilo lilitushinda tukacheka, halafu tukaacha kucheka. Mzee Ngwali, ambaye alipenda kutuhadithia jinsi babu yake alivyompiga Mdachi, alichora sinia moja kubwa na mtu mmoja. Somoe akasema Mzee Ngwali anakula peke yake kama mgonjwa wa ndui. Walikuwa watani, aliruhusiwa. Mzee akajibu kwamba kwa upishi wa wake zake, sinia hilo akimkaribisha mtu atakuwa amemdhulumu. Mimi nilichora sinia langu na Bibi na mtoto wangu Shamte, na lingine la Mtoro na wadogo zake. Nilipotazama la Somoe nikaona kachora kama langu, na kati ya langu na lake pana ukuta, na ukuta huo niliuchora mimi mwenyewe bila kuambiwa. Mwalimu akapita akiyatazama masinia yetu. Akatuambia kila mtu akamwulize mzee wa nyumbani kwake alikula na nani wakati wa vita. Wengi hatukuuliza. Yeye mwenyewe alizunguka nyumba kwa nyumba kuwaamkia wazee na kuwasikiliza, na kwa Bi Tatu alikaa mchana mzima. Hilo mliweke akilini.

Mpunga ukaanza kutoa masuke. Sisi watu wa hapa, mpunga ukitoa masuke hakuna darasa, hakuna mkutano, hakuna harusi. Kila nyumba inashuka bondeni inahamia dunguni. Ninyi wa sasa mnaliona dungu mnapopita na gari mkadhani ni tangi la maji. Ni kibanda juu ya miti mirefu, unapanda kwa ngazi, unapika humo, unalala humo, mchana unafukuza ndege na usiku mwanamume anafukuza nguruwe na kiboko. Mwalimu alijua kwamba akituacha twende hivihivi tutarudi baada ya mavuno tumesahau kila kitu. Akachukua kisu cha kuchania ukili wa mikeka, akakilaza kitabu kwenye gogo, akakikata mgongo. Tulishtuka. Siwema, mke wa mvuvi, akasema, "Mwalimu, hata bismillahi hukusema." Akakigawa fungu kwa fungu, kila nyumba fungu lake kwa mfuatano. Akasema dungu linalopata fungu la kwanza litasoma, dungu la pili lifuate, tusomeane kwa sauti juu ya mpunga, tukirudi kila mmoja arudishe chake kishonwe. Kitabu kisipokamilika, alisema, hakuna mtu atakayepasi.

Basi tukafanya hivyo. Jua likiwa kali ndege hujificha, na ukimya unashuka juu ya mashamba mpaka unasikia kambale akipiga mkia kwenye dimbwi. Hapo ndipo mtu alisimama dunguni kwake akasoma. Alisoma kwa kupiga kelele, silabi kwa silabi, na akikwama dungu la jirani linamsukuma. Mtu aliyepita barabara ya mtoni angesema tumeingiwa na wazimu. Nawaambieni, sijapata kusikiliza redio wala mawaidha kwa hamu ile. Nilikuwa napuliza moto huku natega sikio. Fungu la Somoe lilikuwa kabla ya langu, naye aliishia pale askari wanapomkamata mtoto wa kike kisimani, baba yake anawafuata nyuma mikono juu. Madungu yote yakanigeukia mimi. Nikawaambia wangoje kesho, nijizoeze kwanza.

Nikajizoeza mbele ya Bibi Mwasiti. Alikuwa anageuza samaki kwenye moto, na hadithi ile alikuwa akiipenda, alishafika mahali akawatukana askari kama wako mbele yake. Nikasoma polepole. Askari wanamwambia baba, tuonyeshe chakula mlikokificha msituni, tutakupa mwanao. Chakula hicho ni cha kijiji, kimefukiwa shimoni. Baba anakwenda mbele, askari wanamfuata, shimo linafukuliwa, linatiwa moto. Nilipofika kwenye moto nikanusa samaki anaungua. Bibi alikuwa ameshikilia kijiti hewani hageuzi.

"Nani kawaambia?" akauliza.

Nikadhani anaota. Nikamwambia hii hadithi, Bibi, ya kitabu. Akasema, "Tatu kasema. Kakaa na yule kijana mchana mzima, kamwambia, naye kaandika." Nikamweleza kwamba kitabu kimetoka mjini, kimepigwa chapa kabla mwalimu hajafika kijijini kwetu. Akaniuliza huyo wa mjini naye kaambiwa na nani. Leo ningelikuwa na jibu. Ningemwambia mambo yale yalitendeka vijiji vingi, mtunzi hakuhitaji kuambiwa na Tatu. Lakini hata mimi, nawaambia kweli, wakati ule nilidhani kitu kilichoandikwa kwenye karatasi lazima kimemtokea mtu mmoja, na mtu huyo ana jina.

Akanyoosha mkono. Nikampa, hata ninyi mngempa. Akalikunja fungu lile akalifunga kwenye pindo la kaniki yake mafundo mawili. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba siku maneno haya yatakaposomwa mbele ya watu wa kijiji, yeye atarudi deltani kwa ndugu za marehemu mumewe. Mtoro hatamwacha bibi yake aende peke yake, na mimi nitamfuata mume wangu. Alisema kweli. Mtoro asingelala nyumba ambayo bibi yake hayumo. Na deltani kule ambako tungekwenda hakukuwa na darasa, hakukuwa na Somoe, na mimi nilikuwa nimebakiza kidogo tu nisome bila kufuata mstari kwa kidole. Kuanzia siku hiyo, kila jua likiwa kali, Somoe alisimama dunguni kwake akaniita, "Mama Shamte, mtoto karudi?" Nami nikajibu sijamaliza kujizoeza. Madungu ya mbele yakasoma mafungu yao, hadithi ikaendelea, mtoto kesharudi nyumbani na watu wanakufa njaa, na hakuna aliyejua imekuwaje.

Tulipovuna na kupanda juu, siku ya kwanza ya darasa kila mtu alileta fungu lake. Lingine lilikuwa na masizi, lingine na mafuta ya samaki. Mwalimu akayapanga kwenye mkeka. Ilipofika zamu yangu nikasema Bibi kakataa kunipa. Sikumficha wala sikutoa sababu. Mzee Ngwali akasema mwanamke aliyepoteza mali ya serikali afutwe. Somoe akamwambia afutwe yeye kwanza aliyefungia tumbaku ukurasa wa mwisho, tumemwona. Mwalimu akaacha kelele ziishe. Halafu akasema kama kitabu kina tundu, tutaliziba wenyewe. Akatupa kazi: mtoto amekamatwa, chakula kimefichwa, vita vinakuja. Kila mmoja akamwulize mzee wake, kwenu walifanya nini. Safari hii asiyeuliza asije.

Nilimwuliza Bibi. Akaniambia nikachote maji.

Darasa hilo la pili ndilo ninalolikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Banda lilijaa kwa sababu watu walikuja na wazee wao, na wengine walisimama nje. Bi Tatu alikuja akakaa karibu na mlango, miguu kaikunjua. Mzee Ngwali ndiye aliyeanza, nami nilidhani tutapigwa tena na yule babu yake shujaa. Akasimama, akakohoa, akasema babu yake aliwabebea askari mizigo mpaka Kilwa. Alikunywa maji ya dawa asubuhi, jioni akabeba sanduku la risasi. Kibuyu cha dawa kipo nyumbani, mama yake alikuwa anawekea chumvi. Akakaa, na hakuna mtu aliyemtania. Siwema akasema kwao walichemsha chakula wakakila wamefunga mlango, mjomba wao yuko nje anabisha. Mwingine akasema kwao walikimbia wakamwacha kipofu. Mwingine akasema kwao walipigana na walikufa, na ndivyo ilivyokuwa, lakini hata yeye alilisema polepole. Mimi nikawa natazama mlangoni, kwa maana nilikuwa nimeona pindo la kaniki. Bibi alikuwa nje, kaegemea ukuta, anasuka ukili.

Somoe akasimama. Akasema bibi yake alikuwa na kaka wawili. Walipokwenda kwenye shimo la chakula walikuta majivu. Wakachimba ndiga. Ndiga, kile kiazi cha porini, ni sumu, mnajua, hulazwa majini siku nyingi ndipo huliwa, na wale watoto hawakuwa na siku nyingi. Wakaila. Akasema, "Nilimwuliza Bibi nani aliwaonyesha askari shimo. Akasema anamjua. Sikumwuliza jina." Akakaa.

Bibi Mwasiti akaingia. Hakupiga hodi. Ukili ulikuwa bado unamning'inia mkononi. Akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili kwa meno, akanipa fungu langu, akasema, "Soma." Nikasoma mbele ya kijiji kizima, kuanzia kisimani mpaka moto, na sikutumia kidole. Nilipomaliza Bibi akasema, "Huyo mtoto ni mimi. Baba alikwenda mbele, wao nyuma, wakanirudisha. Shimo lilikuwa la kina Tatu." Akabaki amesimama palepale. Sikujua mpaka siku ile kwamba wale wawili walizaliwa kijiji kimoja huko vilimani, wakatawanywa na njaa, mmoja akaolewa mtoni, na uzeeni serikali ikawaweka ukuta kwa ukuta. Nikamtazama mume wangu kwenye magogo, yeye akatazama chini. Nikaanza moyoni kufunga mizigo ya deltani. Nilianza na kinu, nikijiuliza kitaingiaje kwenye mtumbwi.

Bi Tatu alijipangusa pua kwa kanga. Halafu akasema, "Kitabu kimekosea. Kimeandika mtama. Ulikuwa mpunga."

Akaendelea kwa sauti ileile, kama anayesahihisha bei sokoni. Alisema alimwona Mwasiti akirudishwa begani kwa baba yake, analia kamasi mpaka kidevuni. Alisema tangu siku ile amejiuliza jambo moja tu, angekamatwa yeye, baba yake angewaonyesha? "Asingeonyesha," akasema. "Mtoto wa kike, ya nini. Asingeonyesha." Akasogea upande kwenye mkeka wake akapiga mahali palipobaki kwa kiganja. "Kaa basi, Mwasiti. Unatuzibia mwanga."

Bibi akakaa. Mwalimu Hamisi alikuwa ameshika sindano na uzi wa kushonea kitabu, akakishona hapohapo, maana nadhani hakujua afanye nini kingine. Hatukwenda deltani. Mitihani ilipokuja nilipasi, Somoe alipasi, Mzee Ngwali akafeli kusoma akapasi hesabu.

Msimu uliofuata Bibi akanitwisha gunia la mpunga mpya, wa kwanza kabisa, tukaupeleka kwa Bi Tatu. Alilitazama lile gunia akacheka. Akasema ulioungua haurudi, na yeye meno hana, mpunga mbichi wa nini? Tukaupike, tulete, tule. Tukaupika. Tukaupakua kwenye sinia moja, na nyumba mbili zikakaa chini uani kwake, vikongwe, wanaume, watoto, mkono kwa mkono, na kambale aliokaanga Somoe juu. Bi Tatu alimmegea Bibi kichwa cha samaki akamwambia, "Kula, wewe umezoea kula vya watu." Tulitazamana. Bibi akakipokea, akakila mpaka mifupa, akajibu kwamba samaki wa Wamatumbi hawana chumvi. Kila mwaka ikawa hivyo. Waliendelea mpaka walipokufa, Bi Tatu kwanza, na Bibi hakumaliza miaka mingi baada yake. Somoe na mimi tukaendelea. Wengine wakahamia Ikwiriri, wengine Dar, lakini mpunga wa kwanza uliliwa uani kwa kina Somoe, sinia moja.

Kwa hiyo Zubeda, hilo ndilo jibu lako. Liandike kwenye daftari hivyohivyo. Mwalimu wako akitaka shujaa mwambie akaulize nyumba nyingine, ingawa nami nilishasikia za nyumba nyingine.

Mwaka huu Somoe kafa kabla mpunga haujaiva. Kwao amebaki mkaza mwanae na watoto. Juzi tumevuna, nami nikamsikia mkwe wangu jikoni anawaambia wenzake kwamba safari hii bora tule hapahapa, mwenyewe si hayupo, tutawatia aibu wafiwa, hata mboga pengine hawana. Binti mmoja akasema tuwapelekee kwenye bakuli la plastiki, mtoto awakimbizie. Nikatoka ndani na fimbo yangu. Sikupaza sauti, sina haja. Nikawaambia: Pakueni wali wote kwenye sinia kubwa, msibakize sufuriani hata ukoko. Samaki weka juu. Zubeda shika upande huu, mama yako ule. Funika. Tunakwenda kwa kina Somoe sote, tunakaa chini, tunakula huko. Atakayebaki hapa alale na njaa, na kesho asiniulize kwa nini.